Dola nusu milioni na "subiri kidogo"

Msomaji mpenzi, leo naomba nianze na mbuzi.

Krismasi moja, miaka kadhaa iliyopita, mwenye baa moja mtaani kwetu alitangaza mashindano ya pool. Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili kwa kila mchezaji, na zawadi ya mshindi ilikuwa mbuzi dume pamoja na kreti mbili za soda. Karatasi ilibandikwa mlangoni, na juu yake mbuzi akachorwa kwa kalamu, pembe zake zikiwa ndefu kuliko miguu. Kijana wa jirani yangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma, alicheza siku mbili mfululizo akawabwaga wote. Mama yake alikuwa ameshaazima sufuria kubwa. Kijana alipouliza zawadi yake akaambiwa, "Subiri kidogo, mbuzi analetwa kutoka mashambani."

Hadi leo mbuzi huyo yuko njiani. Soda zilipatikana, ingawa ilikuwa kreti moja.

Nimemkumbuka mbuzi yule kwa sababu nimekuwa nikifuatilia historia ya mashindano ya pool ya kulipwa kule Marekani, na huko nimekuta kisa kinachofanana na chetu kama shilingi kwa ya pili. Tofauti ni kwamba mbuzi wa Marekani alikuwa wa dola 500,000, na aliyeambiwa asubiri hakuwa kijana wa kuchomelea vyuma bali mmoja wa wachezaji hodari kabisa waliowahi kushika fimbo ya mchezo huo duniani.

Wako wasomaji watakaouliza pool ina nini hata ikaandikwa katika ukurasa wa jamii. Najua sifa yake si nzuri. Tangu meza hizo zienee katika mitaa yetu miaka ya 1990, wazazi wengi wameziona kuwa kituo cha vijana wasio na kazi, mahali ambapo nauli ya basi na hata karo huliwa na lile tundu la sarafu. Mimi mwenyewe nimewahi kumtoa mpwa wangu hapo kwa sikio. Lakini ndugu msomaji, kisa hiki si cha pool pekee. Ni kisa cha mtu anayefanya kazi yake vizuri, akaimaliza, kisha akaambiwa malipo yako njiani.

Kule Marekani nako mchezo huu haukuzaliwa na jina zuri. Kwa miaka mingi wachezaji wake walikuwa watu wa kusafiri mji hadi mji, wakijifanya hawajui kucheza hadi wapate mjinga wa kumnyang'anya pesa kwa dau. Kuanzia mwaka 1961, mtu mmoja aitwaye George Jansco aliwakusanya wachezaji wa aina hiyo kila mwaka katika mji mdogo wa Johnston City, jimbo la Illinois, wakashindana mchana kwa zawadi na usiku kwa kamari. Sherehe hizo zilikoma mwaka 1972 baada ya maafisa wa serikali kuu kuvamia kwa sababu ya kamari hiyo. Mwaka huo huo wa 1961 ndipo ilipotoka filamu ya The Hustler, Paul Newman akiwa mchezaji wa pool, na watu wengi wakaupenda mchezo huu ghafla. Newman alirudia uhusika huo katika The Color of Money mwaka 1986 akiwa pamoja na Tom Cruise, na safari hiyo akapata tuzo ya Oscar. Kila filamu ilipotoka, kumbi zilijaa. Baada ya miaka michache zikapungua tena.

Hilo ndilo tatizo la wachezaji wa pool wa kulipwa tangu zamani. Mtu anaweza kuwa bingwa wa dunia na bado asijue kodi ya nyumba itatoka wapi. Mcheza gofu ana kampuni kubwa zinazomgombea, lakini mcheza pool hutegemea viingilio vya wenzake, kitita kinachoongezwa na mwandaaji, na mara nyingi mfadhili wa mfukoni ambaye humlipia nauli na hoteli kisha huchukua fungu lake mchezaji akishinda. Akishindwa, wote wawili hurudi nyumbani mikono mitupu. Wanawake walianzisha chama chao cha wachezaji wa kulipwa mwaka 1976, na kwa muda fulani katika miaka ya 1990 mashindano yao yalionekana kwenye televisheni kuliko ya wanaume. Wanaume nao walijaribu ligi hii na ile, moja ikidhaminiwa na sigara za Camel, lakini hakuna iliyodumu.

Basi mwaka 2005 akatokea tajiri.

Jina lake ni Kevin Trudeau. Wamarekani walimfahamu kwa sura yake katika yale matangazo marefu ya televisheni ya usiku wa manane, ambapo mtu huketi kwenye kiti kizuri akiuza dawa, kitabu au mashine kana kwamba anahojiwa na mwandishi wa habari. Kitabu chake juu ya tiba za asili, kilichotoka mwaka 2004, kilinunuliwa na mamilioni ya watu. Ni mtu mwenye ulimi wa asali. Ni mtu pia ambaye alikuwa amekwisha kufungwa jela katika miaka ya 1990 kwa udanganyifu wa kadi za benki, na ambaye mwaka 2004 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi ilimpiga marufuku kuuza bidhaa kwa matangazo yale marefu, ikamwachia vitabu na machapisho tu. Mambo hayo hayakuwa siri. Yalikuwa yameandikwa magazetini.

Trudeau alianzisha ligi iliyoitwa International Pool Tour. Maneno yake yalikuwa matamu, na baadhi yake, tuseme ukweli, yalikuwa ya busara. Alisema mchezo utakaochezwa ni ule wa mpira namba nane, kwa kuwa ndio unaochezwa na mtu wa kawaida katika baa, si ule wa mipira tisa uliozoeleka na wachezaji wa kulipwa. Mtazamaji hawezi kupenda asichokielewa. Aliagiza kitambaa cha mezani kiwe kizito chenye manyoya, tofauti na kile chepesi kinachofanya mipira iteleze kama iko kwenye barafu. Kwenye kitambaa kizito mkono dhaifu huumbuka, kwani mpira mweupe hauendi mbali ila ukichapwa sawasawa. Wachezaji walipangwa katika makundi, kila mmoja akicheza na wenzake wote wa kundi, ili mtu aliyesafiri kutoka mbali asitolewe kwa mechi moja ya bahati mbaya. Na juu ya yote, akaahidi pesa ambazo pool haikuwahi kuziona.

Mwanzoni pesa hizo zilionekana kwa macho. Mwezi Agosti mwaka 2005, mjini Las Vegas, Mike Sigel alipambanishwa na Loree Jon Jones, mwanamume kwa mwanamke. Sigel ni bingwa wa zamani ambaye ndiye aliyewafundisha waigizaji wa The Color of Money namna ya kupiga mipira, na Jones alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake akiwa na umri wa miaka 15 tu. Sigel alishinda akapewa dola 150,000. Jones aliyeshindwa alipata dola 75,000, pesa ambazo mabingwa wengi walikuwa hawajazipata kwa kushinda. Mwezi Desemba kukawa na mashindano mengine Orlando, jimbo la Florida, na mshindi akaondoka na dola 200,000.

Mshindi huyo wa Orlando ndiye ninayetaka umjue vizuri, msomaji.

Anaitwa Efren Reyes, mzaliwa wa mwaka 1954 katika mkoa wa Pampanga nchini Ufilipino. Wenzake humwita Bata. Usicheke, kwa lugha yao neno hilo lina maana ya mtoto, na alipewa kwa sababu ukumbini alikuwako Efren mwingine mkubwa kwake. Alipelekwa Manila akiwa mdogo kuishi na mjomba wake aliyekuwa na ukumbi wa pool, akawa mtoto wa kupanga mipira na kutumwatumwa. Usiku alilala juu ya meza ya pool, mchana alipanda juu ya kreti za soda ili aifikie meza hiyo hiyo. Alijifunza kwa kuwatazama watu wazima wakicheza kwa pesa. Mwaka 1985 alikwenda Marekani kwa jina la kubuni, Cesar Morales, maana sifa zake zilikuwa zimeanza kumtangulia na hakuna aliyetaka kucheza naye, akashinda mashindano huko Houston. Mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kuchukua taji la US Open la mipira tisa, na mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia mjini Cardiff. Waliomwona wanasema alipiga mipira iliyogonga kingo za meza mara nyingi kisha ikaenda alikotaka yeye, na ndiyo sababu jina lake la pili ni Mchawi. Ni mtu mpole, asiye na maneno mengi.

Turudi kwa tajiri wetu. Julai mwaka 2006 ligi ilifanya mashindano makubwa zaidi Las Vegas, wachezaji 200, na Mjerumani Thorsten Hohmann, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2003, akaibuka mshindi mbele ya Mfilipino Marlon Manalo na kupata dola 350,000. Sasa hakuna aliyekuwa na shaka tena. Watu walilipa viingilio kwenye michujo wakigombea nafasi ya kuingia. Wazee waliokuwa wamestaafu walitoa fimbo zao kabatini wakazipangusa vumbi.

Kisha ikaja Reno, jimbo la Nevada, Septemba 2006. Jumla ya zawadi ilitangazwa kuwa dola milioni 3, na ya bingwa peke yake dola 500,000, kwa viwango vya wakati huo zaidi ya shilingi milioni 35 za Kenya. Haikuwa imewahi kutangazwa zawadi kama hiyo kwa mshindi wa mashindano ya pool. Wachezaji 200 walikutana tena. Fainali ilikuwa kati ya Reyes, wakati huo akiwa na miaka 52, na Rodney Morris. Wa kwanza kufikia michezo minane ndiye bingwa. Reyes alimaliza kwa 8 kwa 6, wakapigwa picha, mikono ikashikwa, makofi yakapigwa.

Kisha watu wakasubiri.

Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu. Hakuna hundi. Baadaye wachezaji wakaarifiwa kwamba pesa hazipo zote kwa wakati mmoja na kwamba watalipwa kwa mafungu. Na kweli walianza kulipwa kwa mafungu, kidogo kidogo kama mtu anayelipia redio dukani. Mashindano yaliyokuwa yamepangwa London yakafutwa. Ligi iliyoahidi kuubadilisha mchezo duniani ilikuwa imefanya mashindano makubwa ya wazi mawili tu kabla ya kuzimia.

Nilipokuwa nikimsimulia mama watoto habari hii alikuwa akichambua mboga. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa mtaani, wale wa kuchangiana kila mwezi na kumpa mmoja wao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Baba, hizo pesa zilikuwa zimewekwa kwa nani kabla hawajaanza kucheza?"

Nilishindwa kumjibu hapo hapo, kwa kuwa jibu lenyewe ni la aibu. Hazikuwa zimewekwa kwa mtu yeyote. Zilikuwa mfukoni mwa Trudeau, au tuseme zilitarajiwa kuwa mfukoni mwake. Ligi haikuwa na wadhamini wakubwa, wala watazamaji wa kulipa walioweza kufidia mamilioni yale. Katika chama cha mama watoto, pesa huhesabiwa mezani mbele ya wote, na hakuna chai inayonywewa kabla ya hesabu. Wachezaji 200, wengine wao mabingwa wa dunia waliocheza kwa pesa tangu utotoni, hawakudai jambo hilo. Wangewezaje? Mtu ambaye maisha yake yote amegombea dola elfu mbili tatu hamwambii mwenye nusu milioni aionyeshe kwanza. Anaogopa kufutwa jina.

Na hapo ndipo mimi nisipokubaliana na wale waliowacheka wachezaji wakisema walikuwa na tamaa. Fikiria mchezaji aliyetoka Manila au Ulaya. Nauli ameilipa, hoteli ameilipa, na kama ana mfadhili, mfadhili huyo anasubiri fungu lake. Amecheza, ameshinda mechi zake, jina lake liko kwenye orodha ya wanaodai dola elfu kadhaa. Nyumbani mke na watoto wameshaambiwa. Huyo ametamani nini zaidi ya ujira wa kazi aliyoifanya? Ukweli ni kwamba mashindano ya Las Vegas yaliwapa kila sababu ya kuamini. Ndivyo mtego ulivyo, ukitaka kumnasa kuku humwagia punje za kweli kwanza. Sisemi kwamba Trudeau alikusudia kuwadhulumu tangu mwanzo. Huenda aliamini kabisa kwamba pesa zingekuja. Mwenye baa wetu naye nadhani aliamini kwamba mbuzi angepatikana.

Trudeau mwenyewe aliendelea kuandamwa na sheria, ingawa si kwa ajili ya pool. Mahakama ya Chicago ilimwona na hatia ya kukiuka amri zake, kwa namna alivyotangaza kitabu chake cha kupunguza unene, akatozwa zaidi ya dola milioni 37. Akasema hana kitu. Mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miaka 10, na aliachiliwa mwaka 2022. Nimezitaja habari hizo si kwa furaha, bali kwa sababu kesi hiyo na kisa cha wachezaji vinafanana kwa jambo moja, ambalo ni mtu kusema kwa uhakika mkubwa jambo asilolishika mkononi.

Pool yenyewe haikufa, na hili lafaa lisemwe. Wakati ligi ya mamilioni ikiporomoka, kulikuwa na shindano lingine lililokuwa likijikokota polepole tangu mwaka 1994, lililoanzia Romford, Uingereza. Hilo ni Mosconi Cup, timu ya Ulaya dhidi ya timu ya Marekani, na limepewa jina la Willie Mosconi aliyefariki mwaka 1993, yule ambaye mwaka 1954 aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Waandaaji wake, kampuni ya Matchroom ya Barry Hearn, hawakuanza na nusu milioni. Walianza na televisheni na tikiti, mwaka hata mwaka, hadi leo mashabiki hujaza ukumbi na kuimba kama wako kwenye kandanda. Kampuni hiyo ndiyo iliyoandaa pia ubingwa wa dunia ule wa Cardiff aliouchukua Reyes mwaka 1999. Mwaka 2024 ubingwa wa dunia wa mipira tisa ulichezwa Jeddah, Saudi Arabia, na Fedor Gorst akatwaa dola 250,000. Nusu ya ile ya Reno, miaka 18 baadaye.

Na Reyes? Alirudi Ufilipino, akapokelewa kama shujaa, akaendelea kucheza. Mwaka 2019, akiwa na miaka 65, aliwakilisha nchi yake katika michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki iliyofanyika Manila na kurudi na medali ya shaba. Watu bado humzunguka kila anapoiendea meza, wakitaka kuona anachapaje. Katika yote niliyosoma juu yake sikukuta mahali alipomtukana Trudeau.

Kijana wa jirani yangu bado huchomelea vyuma, na bado hucheza pool jioni za Jumamosi. Mwaka jana yalitangazwa mashindano mengine, baa nyingine, mbuzi mwingine. Mama yake alikwenda mwenyewe kumwona mwandaaji. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Mwanangu, mimi sina neno na mchezo wenu. Mbuzi nitamfunga hapa kwenye nguzo leo asubuhi, na majani nitamletea mimi." Mwandaaji alicheka, akatazama huku na huku, kisha akatoa simu akampigia mtu wa mbuzi. Saa nne hivi mnyama alikuwa kwenye nguzo, mwekundu, mwenye doa jeupe shingoni, akila majani ya viazi.

Kijana alitolewa nusu fainali. Mbuzi alichukuliwa na dereva mmoja wa matatu, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.